Uji wa Mayu

Siku niliyoupima uji wa mama yangu, mashine iliandika 15.3. Nilidhani imeharibika. Nilikuwa stoo ya shule, katikati ya majembe na mafagio, mlango nimeuzuia kwa mguu, kidole kinatoa damu, na kengele ya kipindi imeshagongwa. Asubuhi ile kabla ya kunywa ilikuwa 7.9. Na uji wenyewe haukuwa na hata chembe ya sukari. Nilikuwa nimemwomba Mayu asitie, naye hakutia, ingawa alinitazama kama mtu aliyeambiwa apike bila moto.

Nilinawa mikono, nikatoboa kidole kingine, nikapoteza kipande kingine cha kupimia. 15.1.

Ninafundisha shule ya msingi hapa Dutwa, kwenye barabara ya kutoka Lamadi kwenda Bariadi. Anayepita kwa basi hutuona kwa dakika chache: maduka, mashine za kusaga, punda na mikokoteni, kisha mashamba ya pamba tena. Niligundulika nina kisukari aina ya pili mwaka 2021, nikiwa na miaka 46. Kwa miezi mingi nilikuwa naamka mara nne usiku kwenda chooni nikisingizia umri. Nilipofika Bariadi kupimwa nilikuwa na 17, nikapewa metformin na glibenclamide, na karatasi moja iliyotolewa kopi mara nyingi hadi herufi zimevimba.

Karatasi ile niliisoma kwenye gari nikirudi. Kifungua kinywa: mkate wa ngano isiyokobolewa, shayiri, mtindi usio na mafuta, tufaa moja dogo. Nilicheka peke yangu, jirani yangu wa kiti akanigeukia. Dutwa mkate tunaoupata ni mweupe, laini, wa kufinywa ukabaki na alama za vidole. Tufaa huja mara chache, nalo huuzwa kwa bei ya mgeni. Sikuwalaumu walioiandika. Walimwandikia mtu fulani, ila mtu huyo hakuwa akiishi huku.

Muuguzi wa kliniki alinisaidia zaidi ya karatasi. Aliniambia, "Mwalimu, mlo wa asubuhi ndio utakaokusumbua kuliko yote." Akanieleza kwamba alfajiri ini humwaga sukari kwenye damu ili kutuamsha, na kwamba kwa watu wengi wenye ugonjwa huu mwili hupokea wanga vibaya zaidi asubuhi kuliko mchana. Sahani ileile unayoila saa saba bila shida inaweza kukupandisha ukiila saa moja. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa nusu tu ya maneno yake, na nusu hiyo nikaitumia vibaya. Niliamua kwamba dawa ya kifungua kinywa ni kutokifungua kabisa.

Siku mbili zilipita vizuri. Siku ya tatu, saa nne kasoro, nikiwa ubaoni mbele ya darasa la tano, chaki ilianza kunitetemeka. Jasho lilinitoka mgongoni na ubao ukawa kama maji. Niliwaambia watoto wafungue ukurasa ambao haukuwepo kitabuni. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, ambaye kwa kawaida hawezi kukaa kimya dakika mbili, alitoka mbio bila ruhusa na kurudi na mama anayetuuzia chai. Nilikunywa kikombe kimoja chenye vijiko sijui vingapi vya sukari, nimekaa sakafuni, darasa zima likinitazama. Baadaye kliniki walinieleza, kwa ukali niliostahili, kwamba glibenclamide huusukuma mwili utoe insulini uwe umekula au hujala. Ukimeza kidonge hicho ukaacha kula, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Kwa hiyo kula asubuhi ilikuwa lazima. Lililobaki ni kujua nile nini.

Ndipo nikanunua mashine yangu. Mashine yenyewe si ghali sana. Kinachomaliza hela ni vile vijikaratasi vya kuchukulia damu, ambavyo mjini wanaviita stripu. Kopo la 50 nililipata kwa Sh 35,000. Kila kifungua kinywa kilihitaji viwili, kimoja kabla ya kula na kingine saa mbili baadaye, na nilikuwa nimeambiwa nijitahidi nisivuke 10 baada ya chakula. Vipande 50 ni asubuhi 25, ukiondoa vile vya kuharibika. (Kimoja niliharibu kwa kupima baada ya kumenya embe. Mashine iliandika 19. Niliponawa ikaandika 9. Tangu hapo nanawa kama daktari wa upasuaji.) Nikaamua nitapima chakula cha nyumbani kwangu, kimoja kimoja, na nikaanza na kile nilichokuwa na uhakika nacho, yaani uji.

Mama yangu anaishi nami tangu baba alipofariki. Sisi Wasukuma mama tunamwita mayu, na mimi simwiti vingine. Huamka saa kumi na moja, huchochea moto, na saa kumi na mbili kikombe kinakuwa mezani kimefunikwa kwa kisahani. Ni uji wa lishe: mahindi, ulezi, mchele kidogo, soya, karanga, vyote vimesagwa pamoja mpaka unga ukiushika unateleza kama poda. Hapa kwetu uji huo ni wa wazazi waliojifungua, watoto walioachishwa ziwa, wagonjwa na wazee. Mtu akikonda huulizwa kwanza kama anakunywa uji. Ulezi wenyewe ni nafaka nzuri na una madini ya chokaa kwa wingi, hilo silipingi. Ila sukari kwenye damu haijali sifa. Inajali wanga umefikaje tumboni. Punje nzima ina ganda, na mwili huifungua taratibu. Ukiikoboa, ukaisaga mpaka iwe vumbi, kisha ukalipika vumbi hilo kwa maji mengi hadi linateleza, kazi ya tumbo umeshaifanya wewe na mashine. Mtu anakunywa bila kutafuna, na baada ya nusu saa damu imejaa.

Mwaka 1981 daktari mmoja wa Toronto, David Jenkins, na wenzake walichapisha orodha iliyopanga vyakula vya wanga kwa kasi ya kupandisha sukari, na watu wakashangaa kuona baadhi ya vyakula vya wanga ambavyo havina utamu vikikaribia sukari yenyewe. Mimi nilishangaa miaka arobaini baadaye, stoo, kwa Kiswahili.

Jioni Mayu aliniuliza. Alikuwa anachambua mboga, wala hakuinua kichwa.

"Mwalimu, hicho kimashine kimesemaje?"

Huniita Mwalimu anapokuwa na wasiwasi, au anapokasirika.

"Kimesema kumi na tano, Mayu."

"Na inatakiwa iwe ngapi?"

"Isizidi kumi."

"Kwa uji wangu?"

Ningeweza kusema ni uchovu, au dawa, au mawazo. Nilikuwa nimetoka darasani kufundisha watoto kusoma vipimo kwenye rula, na nikamjibu kama mwalimu. "Kwa uji."

Alinyamaza. Akaziweka zile mboga chini, akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa anakunywa vikombe vinne."

Baba alifariki mwaka 2009. Wakati ule Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, Simiyu ilikuja 2012. Alianza kwa kukonda. Mwanamume aliyekuwa anabeba gunia la pamba peke yake akawa suruali inamshuka. Watu walisema ni ule ugonjwa mwingine, na kwa aibu hiyo hakwenda kupima. Mayu alimpikia uji. Asubuhi, saa nne, jioni, na kimoja cha usiku akiamka na kiu, na kiu haikumwisha. Alitia sukari nyingi kwa sababu mgonjwa anahitaji nguvu. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Halafu ukaja mwiba shambani, na kidonda ambacho hakikukauka, na dawa za mizizi, na hatimaye Bugando, Mwanza, mguu ukakatwa juu ya goti. Huko ndiko tuliposikia neno kisukari kwa mara ya kwanza likihusu mtu wa kwetu. Aliishi miezi saba baada ya hapo.

Ulikuwa ugonjwa wa watu wa mjini, ndivyo tulivyoamini, na hatukuwa wajinga peke yetu. Utafiti uliofanyika kwenye vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara na kuchapishwa mwaka 1989 ulipata wagonjwa wasiofika hata mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata takriban 9. Vipimo havikufanana na umri haukufanana, lakini hata ukipunguza utakavyopunguza, kuna kitu kilitokea katikati, na baba alikuwa humo.

"Ina maana nilikuwa nammalizia mimi," Mayu alisema.

Nilimwambia kila kilicho kweli. Kwamba baba alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa hata moja. Kwamba hata uji usingekuwepo, ugonjwa ungekuwepo. Kwamba hakuna aliyejua, wala mimi niliyekuwa nimesoma mpaka chuo cha ualimu, ambaye kila likizo nilimletea kilo tano za sukari kama zawadi. Nikasema mengi, na nikaona kwamba yanamfikia kama mvua inavyofika kwenye bati: kelele nyingi, ndani pakavu. Aliinuka akaenda kulala bila kula.

Kesho yake hapakuwa na kikombe mezani. Wala kesho kutwa. Siku nne nilikunywa chai kavu na yai, nikaenda shule, na ile nyumba ikawa kimya kama ya watu waliogombana, wakati hatukugombana. Nilijilaumu. Kuna ukweli ambao mtu anapewa kwa sababu anauhitaji, na kuna ule unaotolewa kwa sababu aliye nao hajui pa kuuweka. Mpaka leo sina hakika wangu ulikuwa upi.

Siku ya tano alinikuta nje nikipiga mswaki. "Na mtama?" akauliza. "Mtama umeupima?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza kupima wawili. Yeye alipendekeza, akapika, na alipokea majibu jioni kama mtu anayepokea matokeo ya darasa la saba.

Mtama ulitupa matumaini. Aliupeleka mashine akasimama mlangoni kumbana kijana asiusage laini, auparaze tu, kijana akalalamika kwamba mama huyu anataka kula mchanga. Ugali wake ulipikwa jioni, na asubuhi nilikula kiporo, bonge la ukubwa wa ngumi yangu, na maziwa mgando. Kutoka 8.0 nilifika 9.6. Wataalamu wanasema wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hukaza na kuwa mgumu kumeng'enywa, na maziwa nayo hupunguza mwendo. Sijui kati ya kusaga, kupoa na maziwa ni kipi kilifanya kazi kubwa. Sikuwa na vipande vya kutosha kuvitenganisha.

Chapati zilikuwa za kusikitisha, kwa sababu nazipenda. Mbili za stendi na chai isiyo na sukari, 13.6, na saa moja baadaye bado 12. Mafuta huchelewesha tu, hayafuti deni. Moja na mayai mawili, 10.8.

Michembe ilinifundisha kuhusu kipimo cha mkono. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa vinaitwa matobolwa, na hivyo ni vitamu zaidi. Ni akiba ya Usukumani. Nilipoingia na michembe ofisi ya walimu mwenzangu mmoja aliuliza kama njaa imefika kwangu. Bakuli lililojaa lilinipeleka 14.1. Kiganja kimoja, pamoja na karanga na maziwa mgando, 10.2. Chakula kilekile, mpishi yuleyule. Jambo hili nililikuta tena na tena: ule mjadala wa vijiweni, viazi vinafaa au havifai, dona au sembe, huwa unakosa nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni kiasi gani, kimepikwaje, na kimekaa sahani moja na nani. Hizi namba ni za mwili wangu, lakini. Mwenzangu wa kliniki anakula viazi vyangu anapanda, mimi nakula muhogo wake napanda.

Halafu dengu.

Huku mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka, dengu hupandwa mvua zinapoelekea kuisha na hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Tunazilima, tunazivuna, tunazipiga kwa fimbo, tunazipeleka ghalani, na nyingi zinavuka bahari kwenda India. Huko watu huzila asubuhi. Sisi watoto tulizila mbichi shambani, kwa kuiba, lakini sufuriani ziliingia mara chache sana. Zilikuwa sare za shule na bati za nyumba. Nilipomwambia Mayu tupime dengu, alinijibu bila kufikiri, "Dengu ni za kuuza."

Nilizinunua kilo moja sokoni, nikiwa nina magunia stoo kwangu. Zililowekwa usiku kucha, zikachemshwa mpaka zikakubali, zikaungwa kwa kitunguu na nyanya. Nilikula kikombe kimoja pamoja na kiazi kitamu kimoja kidogo cha kuchemsha. Kabla ilikuwa 8.1. Stoo ya shule, majembe, mafagio, kidole: 9.0.

Nilirudia kesho yake kwa kutoamini. 8.8.

Jioni nilimwonesha Mayu kimashine chenyewe, ajionee. Hasomi sana lakini tarakimu anazijua, ameuza pamba maisha yake yote. Alikishika kwa mikono miwili, karibu na taa. Alikaa nacho muda mrefu kuliko namba mbili zinavyohitaji. "Na haya yalikuwepo," akasema. Sikumwuliza anamaanisha mwaka gani.

Sasa nimeweka utaratibu usio mzuri kwenye karatasi lakini unaofuatika. Dengu au choroko siku tatu, zinachemshwa nyingi kwa mara moja kwa sababu kuni ni hela. Kiporo cha mtama siku mbili. Chapati moja siku ya mshahara. Jumapili Mayu ananipikia uji, nusu kikombe, mzito, wa mtama wa kuparaza, bila sukari, na huo sijaupima wala sina mpango. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu kilishuka kutoka 9.8 hadi 7.4, na daktari akaniondolea glibenclamide akaniachia metformin. Nilipompa Mayu habari hiyo aliuliza kama ina maana nimepona. Nikasema hapana. Akasema basi twende shambani.

Mwaka huu mavuno yalikuwa ya wastani. Kijana wa mkokoteni alikuja asubuhi kuchukua dengu za kupeleka ushirika. Mayu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na kile kikombe cha bati cha bluu. Kabla gunia la mwisho halijashonwa aliingiza kikombe, akachota, akamimina kwenye debe, akachota tena. Kijana alisubiri kwa heshima. Debe la kwanza likajaa, akavuta la pili.

"Bibi, hizo ni za mbegu?"

"Za asubuhi," Mayu akasema, akaendelea kuchota.